Sinema ya watoto iliyomvua lipiko kichwa

Wakuu, salamu kutoka Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ambako mtandao leo umekubali kuamka.

Nimefuatilia huu mjadala wa sinema za watoto zinazotisha tangu ulipoanza. Kila mtu ametaja yake, mwanasesere anayegeuza shingo, mchekeshaji mwenye meno mengi. Ya kwangu sijui hata jina. Niliiona nikiwa mtoto, wakati wa vita vya kumtoa Mreno, na sidhani kama aliyeitengeneza alijua ilifika huku.

Nitaisimulia ilivyokuwa. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki, jambo ambalo kwa mtu aliyesoma chuo kikuu ni gumu kidogo.

Asili yetu ni bara, upande wa Diaca, Wamakonde wa jembe. Vita vilipokolea, tropa, yaani askari wa Mreno, walichoma kijiji chetu wakatuhamishia pwani, karibu na Palma, kwenye kijiji kilichozungushiwa waya. Kwenda shamba ni kwa ruhusa, kurudi ni kabla jua halijashuka. Kiswahili hiki ninachowachosha nacho nilikipata humo, kwa watoto wa wafanyabiashara wa pwani.

Vitu vingi tuliviacha viungue. Mjomba Anastásio, mdogo wake mama, aliacha hata viatu. Alichobeba ni furushi moja lililofungwa kwenye shuka, na hakuna aliyemuuliza lina nini.

Ndugu Wamakonde wa Newala mmeshajua ninakoelekea, nivumilieni niwaeleze wengine.

Lipiko ni mcheza ngoma aliyevaa kichwa cha mti, chenye nywele na meno, na nguo mwili mzima asionekane hata ukucha. Vijana wakitoka jandoni, na yeye anatoka. Kwa wanawake na watoto lipiko si mtu. Ni marehemu amerudi. Akikujia, unakimbia. Mvulana huambiwa ukweli siku yake ya jando, akaapa kunyamaza.

Mengine ya jandoni sisemi, na msinifuate chemba. Hili moja ninalitoa kwa sababu lilishatolewa zamani, na sinema.

Lipiko wetu alikuwa mjomba. Hilo naliandika leo. Wakati ule sikulijua.

Siku moja alferes, ofisa kijana aliyesimamia kijiji chetu, akatangaza kuna sinema ya watoto. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Aliona watoto tumenuna, akataka tucheke. Basi.

Tulikusanywa mchana kwenye ghala la mbata, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watoto mbele, mama zetu nyuma, wazee na kina mjomba wamesimama mlangoni.

Ukutani ukatokea msitu. Akaja sungura, akaja mbwa mwitu, akaja na mnyama mnene wa manyoya ambaye baadaye nilisoma anaitwa dubu. Wote wanatembea kwa miguu miwili. Vichwa vikubwa, macho hayapepesi.

"Ni mapiko ya wazungu," dada yangu Rosalina akaninong'oneza. "Kumbe na wao marehemu wao hurudi."

Tuliogopa, lakini ule woga tuliouzoea, ambao ndani yake kuna utamu.

Mwisho wa sinema wanyama wote wakajipanga mstari, wakainama kutuaga. Kisha kila mmoja akapeleka mikono shingoni, akavua kichwa.

Ndani mlikuwa na wazungu. Nywele zimegandamana kwa jasho, wanatabasamu. Sungura alikuwa mzee mwenye kipara na masharubu.

Sijawahi kusikia tena ukelele wa namna ile. Watoto walikanyagana. Mimi nilijikuta ndani ya capulana, kanga ya mama, na sikumbuki nilifikaje.

Alferes akadhani tumemwogopa mbwa mwitu. Akaamuru mkanda urudishwe nyuma, tuone mwisho tena kwa utulivu. Vichwa vikarudi mabegani, vikavuliwa upya.

"É gente," alisema polepole, kama daktari. "Só gente."

Mkalimani wake, mtu wa pwani, aliwatazama kwanza wazee pale mlangoni.

"Anasema ni watu," akatafsiri. "Watu tu."

Akairudisha tena. Safari hii hakuna aliyelia. Wavulana wakubwa wakaanza kukicheka kipara cha sungura. Rosalina hakucheka. Alisema, tena si kwa sauti kubwa, "Basi na wetu."

Mama akamfinya.

Nikageuka kutazama mlangoni. Wazee walishaondoka. Mjomba peke yake alibaki, ameukodolea macho ule ukuta kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kituo cha polisi.

Msimu huohuo vijana wachache walitolewa jandoni, ndani ya waya hukohuko. Ngoma ikalia, lipiko akatoka.

Kawaida uwanja ungebaki mtupu. Siku hiyo watoto tulisimama. Tulikuwa tunamtazama shingoni, pale kichwa kinapokutana na nguo.

Akamrukia mtoto mmoja wa kike. Mtoto akarudi nyuma kidogo, akamwangalia, akasema kama anayejibu mwalimu, "É gente."

Watu wakacheka. Hata wanawake wengine walicheka, wakaziba midomo kwa capulana.

Hapo mama akapiga yowe, akatoka mbio.

Alikimbia peke yake, uwanja mzima, anapiga kelele kwamba anakufa, mpaka akajikwaa kwenye kigingi cha waya na kuanguka. Goti likachanika. Sasa wakamcheka yeye.

"Mama Rosalina, utavunjika mguu bure. Huyo ni mtu kama wewe."

Lipiko alisimama katikati ya uwanja. Mpiga ngoma akaendelea kidogo, naye akaacha.

Jioni mjomba akaja kwetu. Mama alikuwa anaosha goti kwa maji ya chumvi, mimi pembeni nabangua korosho. Mjomba akalitazama lile goti kwa muda.

"Limechanika sana, dada?"

"Ni ngozi tu."

"Usikimbie tena." Akashusha sauti, akasahau kabisa kwamba nipo. "Dada, ni mimi."

Alimwonea huruma, wakuu. Alidhani amebaki mtu mmoja tu kijijini anayeteseka kwa woga, na mtu huyo ni dada yake. Akakivunja kiapo chake ili dada asiumie tena.

Mama hakuinua kichwa.

"Najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wako wa kwanza. Mguu wa kushoto unautupa vile tangu unajifunza kutembea."

Mjomba akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia.

"Na wengine?"

"Wanawake wote, Anastásio."

"Sasa nilikuwa namtisha nani?"

Mama aliendelea kuosha goti ambalo lilikuwa limeshatakata.

Siku chache baadaye alferes, aliyeipenda sana ngoma ile, aliomba kile kichwa akipeleke kwao. Watu walitegemea mjomba atasema hakijui. Yeye alikipeleka mwenyewe, mchana kweupe, amekibana kwapani kama boga, bila hata shuka. Walipomuuliza alijibu ni mti tu.

Kisha asubuhi moja akaomba ruhusa ya kwenda shamba, hakurudi. Tulisikia amewafuata wapiganaji msituni. Halafu hatukusikia kitu. Vita vilipoisha na watu wakaanza kurudi, mama alikuwa analilaki kila lori. Mpaka malori yakaacha kuja.

Mimi jando langu lilifanyika Mtwara, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Lipiko alipovuliwa mbele yetu, wenzangu walitetemeka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa nakagua kama ana kipara. Mzee aliyekuwa ndani aliniangalia usoni, akaona hakuna kitu cha kuchukua pale, akamgeukia mwingine.

Miaka ikapita, nikaingia chuo kikuu, nikaandika insha juu ya mapiko. Maelezo ya chini ya ukurasa yalikuwa marefu kuliko insha yenyewe. Mwalimu akaisifu. Likizo nikaja kumtafsiria mama, nimevimba kichwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkononi ana ungo wa mchele.

"Umeandika kwamba wanawake tulikuwa tunajua?"

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo hoja yenyewe."

"Futa."

"Lakini si kweli?"

"Ni kweli. Na kukimbia kwangu kulikuwa uongo? Mdogo wako anakuja amembeba marehemu wa ukoo mabegani. Unamkimbia. Ndivyo anavyopokewa."

Akapepeta kidogo, akaacha.

"Siku ile aliponiambia 'ni mimi', ningemjibu, 'mwongo wewe'. Ningemwambia, wewe Anastásio huwezi kutisha vile. Angekasirika, angetoka tena kesho yake kunionyesha." Akarudia kupepeta. "Mimi nikasema najua."

Sikuifuta. Ipo kwenye maktaba fulani, na kwa ninavyojua hakuna aliyewahi kuiazima, kwa hiyo angalau wasomaji wamemtii mama. Yeye ameshatangulia. Ndiyo maana nimeweza kuandika haya, na bado nayaandika kwa kuangalia nyuma ya bega.

Nilichojifunza ni kidogo. Yule mbwa mwitu hakumdhuru mtu. Aliyetudhuru ni mtu mwema aliyerudisha mkanda nyuma ili tusiogope.

Binti yangu anapenda vipindi vya wanyama wenye vichwa vikubwa. Vikikaribia mwisho huwa natafuta sababu ya kumwita jikoni. Juzi alinigundua.

"Baba, mimi najua ndani ni watu."

"Mwongo wewe," nikamwambia.

Uwanja ni wenu, wakuu. Mwenye sinema iliyomchukulia kitu aiseme hapa. Na dada zetu wa Newala, karibuni pia, ila kama mlikuwa mnajua, naomba msinijibu.