Mbegu Alizochagua Mama

Mama yetu, Verediana, alizikwa Kagerankanda mwezi wa nane, na karibu kila mwanamke aliyefika msibani alitaja muhogo. "Shamba langu lote lilitoka kwake," alisema mmoja, na wengine wakaitikia. Walisema kwa nia njema. Dada yangu Yusta aliinamisha kichwa, maana yeye ndiye aliyeumizwa zaidi na mbegu zile.

Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Nilipokuwa mdogo ugonjwa wa batobato uliingia kwetu. Majani ya muhogo yalijikunja na kuwa na madoa ya njano, mizizi ikawa myembamba, watu wakaenda Kasulu mjini kuhemea unga. Mama hakwenda. Asubuhi, baada ya sala, alipita tuta kwa tuta akiangalia majani. Shina lenye majani yaliyonyooka alilifunga kamba ya mgomba. Hilo lilikuwa shina la mbegu, na shina la mbegu halichimbwi. Linaachwa lisimame, mvua zikianza likatwe vipande vya kupanda. Baada ya misimu michache shamba letu lilipona, na watu wakaanza kuja.

Kwetu mbegu ya muhogo hainunuliwi. Unaomba, unapewa, unafunga mzigo wako. Na binti akiolewa, mama yake humpelekea mzigo wa kwanza. Shamba atakalopanda litaitwa la mama yake, hata kama mama yuko mbali.

Yusta aliolewa Kitahana, wilaya ya Kibondo, na Nduwayezu, kijana wa familia iliyotoka Burundi zamani na sasa ni raia. Mama mkwe wake, Kezia, alikuwa ameuza vitenge na chumvi Manyovu miaka mingi. Jembe alilishika ukubwani. Mama alipofika na mzigo kichwani, Kezia alicheka.

"Mama Yusta, mimi mbegu na kuni naona ni kitu kimoja."

"Mwangalie mkweo," Mama alimjibu. "Atakufundisha."

Mwaka uliofuata alikuja kwetu bwana shamba mpya, Hamis, kijana wa Tanga. Aling'oa shina moja pembeni mwa shamba, akapasua mzizi kwa panga. Ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome la mti.

"Mama, hii ni michirizi ya kahawia. Siyo batobato. Kwenye majani haijionyeshi sana. Itabidi ung'oe shamba zima, uchome mashina, tukuletee mbegu safi."

Mama aliinama akayaangalia majani ya shina lile. "Mwanangu, kwenu Tanga mnalima nini?"

"Minazi, mama. Na muhogo pia."

"Labda umezoea mti ambao majani yake yako mbinguni. Haya yako hapa chini, yaangalie. Yamejikunja?"

"Hayajajikunja. Ila haya ya chini yana unjano."

"Ya chini ni mazee. Hata mimi nina mvi, na siumwi."

Tuliokuwepo tulicheka, na Hamis naye akacheka. Aliendelea kuja, na Mama aliendelea kumpa uji na kumkatalia.

Kwa kila mzizi mbovu alikuwa na sababu. Huu uligonga jiwe, ule ulisimamiwa na maji, mwingine uliguswa na fuko. Sababu hizo hakuzitunga. Zote alikuwa amewahi kuziona kwa macho yake. Alikata palipoharibika, akaloweka palipobaki.

Ndipo Yusta akapiga simu. "Mama, muhogo wangu umeoza ndani. Mama mkwe ameukata akaona."

"Ulipanda bondeni."

"Nilipanda juu, mama."

"Basi ulichanganya na mbegu za jirani."

Mama akamchagulia mzigo wa pili, kwa uangalifu kuliko wa kwanza. Nao ukaharibika vilevile. Mwaka ule nyumba ya Kezia ilikula mahindi ya kununua, na majirani waliokuwa wameomba mbegu kwa Yusta wakaja kulalamika. Shemeji zake walimnyang'anya shamba, wakamwachia kipande cha maharage nyuma ya jiko. Mmoja akasema wazi kwamba mwanamke anayeleta njaa arudishwe kwao. Nduwayezu alimpenda mke wake, lakini mbele ya kaka zake hakumtetea.

Mama alipopata habari hizo, aliona dawa ni moja. "Nikimpelekea mbegu nzuri kabisa, watamrudishia shamba lake." Safari hii alikata kwenye mashina ya zamani, yale aliyoyapenda kuliko yote. Nilimsindikiza kwa basi mpaka Kibondo, kisha tukapanda bodaboda.

Tulimkuta Kezia uani anapepeta maharage. Yusta alitoka jikoni, akaamkia, akabaki amesimama.

"Nipokee," Mama alisema.

"Sitapokea, mama."

"Shingo inaniuma, Yusta."

"Nakuomba urudi nazo. Nikizipanda hizi, wataniondoa hapa."

"Majani yake nimeyaangalia mwenyewe."

Yusta alianza kulia. "Majani ni mazuri, mama. Tangu mwanzo yalikuwa mazuri."

Kezia ndiye aliyeinuka, akaushusha mzigo ule kichwani kwa Mama, akamletea maji ya kunywa. Tulilala hapo, asubuhi tukarudi na mzigo wetu. Ndani ya basi Mama alishika rozari, lakini sikuona vidole vyake vikisogea.

Tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye shina lake kuu la mbegu, lililosimama bila kuchimbwa tangu mwanzo, akaniambia nichimbe. Mizizi ilikuwa mikubwa. Nilipasua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yote ilikuwa ya kahawia. Mama aliketi juu ya tuta, akayashika yale majani yaliyonyooka.

"Hili ndilo nimewagawia watu," alisema.

Hamis alikuja na wanajumuiya, tukang'oa na kuchoma. Mama akaanza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowapa mbegu, akiwaambia wang'oe. Wengine walikubali. Wengi walimpeleka shambani kwao wakamwonyesha majani. "Angalia, Mama Verediana, hayajajikunja. Si wewe uliyetufundisha?" Alirudi jioni bila nguvu ya kula. Mbegu safi zilipoletwa alizipanda kama Hamis alivyoelekeza, akilalamika tu kwamba majani yake mekundu hayajui.

Mwezi wa saba alianguka. Moyo, walisema hospitali, ulikuwa umechoka siku nyingi. Yusta alikuja kumuuguza, na baada yake akaja Kezia. Mama aliomba ainuliwe.

"Mama Nduwayezu, wewe hukujua muhogo. Uliona vipi kabla yangu?"

Kezia alifikiri. "Sikuona chochote kwenye majani. Mimi nikitaka kula kitu, nakikata kwanza nione ndani. Ndiyo tabia ya sokoni."

Mama aligeuza kichwa akamtazama Yusta. Kisha akauliza, "Mwanangu mmempa shamba?"

"Nimempa langu. Hakuna atakayemtoa. Mvua zikianza atapanda na mimi."

"Mbegu zipi?"

"Za bwana shamba."

"Msipande zangu hata moja."

"Hatutapanda."

Alifariki Jumapili, watu wakiwa kanisani. Sakramenti alikuwa amepokea siku iliyotangulia, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Jana Yusta alipiga simu kutoka Kitahana. Wamepanda. Wanawake wenzake wanapita kwenye mashamba yao wakisema hili ni la mama yangu. Lake halina shina lolote kutoka kwetu. Hivyo ndivyo Mama alivyotaka, na ndivyo inavyofaa. Yusta aliniambia kwamba alipomaliza tuta la mwisho aliketi pale pale shambani, akamlilia Mama mpaka Kezia akaja kumchukua. Ee Bwana, umpokee Verediana, aliyewapa watu alichoamini ni kizuri.