Ufunguo Waliopewa Bakwe

Uvira huwezi kujificha ndani ya lugha. Ukisema Kifuliiru, jirani anakisikia. Ukihamia Kirundi, mwanawe anakujibu. Ukikimbilia Kifaransa, hata muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anacheka kabla hujamaliza. Ndiyo maana kikao cha kwanza cha mahari ya mdogo wangu kilituharibikia. Shangazi zangu waliketi nyuma ya msemaji wetu, kama desturi inavyotaka, wakawa wanamnong'oneza cha kujibu. Na bakwe, yaani wakwe zetu watarajiwa waliotoka Bijombo milimani, wakawa wanajibu minong'ono badala ya kumjibu msemaji. Aibu gani hiyo!

Lililotusumbua halikuwa ng'ombe. Ng'ombe tulishakubaliana. Mdogo wangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo ya uuguzi, na bakwe walitaka aolewe upesi, apande nao milimani. Kijana wao alimpenda, hilo sina shaka nalo, lakini mdogo wangu aliapa kwamba bila ile diploma atabaki na donge rohoni mpaka kaburini. Na bibi harusi haingii kikaoni. Anakaa chumbani nyuma ya pazia, kimya, wakati wengine wanampangia maisha. Roho iliniuma sana.

Mimi ni mwalimu wa informatiki, masomo ya kompyuta, kwenye shule moja ya mtaa wa Kimanga, na nina ugonjwa wa walimu wote: nikiona tatizo, nafungua somo. Nikawakusanya shangazi zangu pamoja na baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu.

"Tutaandikiana kwenye simu," nikawaambia, "ila kila herufi tunaisogeza mbele hatua tatu. A inakuwa D, B inakuwa E, na ukifika Z unarudi mwanzo. Anayepokea anarudisha nyuma tatu."

NDIYO ikawa QGLBR. Shangazi mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Hii iko lugha ya mashetani!" Lakini haikupita wiki, alikuwa ameshika somo kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Akiwa jikoni alituma FKXPYL, na chumvi ikaletwa.

Niliwaonya, jamani, niliwaonya! Nikawaambia ufunguo wetu ni hiyo tatu, na unaofunga ndio huohuo unaofungua; mtu mwingine akiupata, tumekwisha. Nilichoogopa mimi ni mjanja mmoja upande wa pili, maana Kiswahili kimejaa A, na mtu akiona D imetapakaa kila mahali atashtuka kwamba hiyo ndiyo A. Nikawakataza kuandika maneno mengi. Nilijihami kwa wenye akili, nikawasahau wenye adabu.

Siku ya kikao cha pili wanaume waliketi kwenye viti, wakitazamana. Wanawake wa pande zote mbili tuliwatandikia mikeka nyuma yao, na mimi nikawa napitisha chupa za sucré, soda za wageni. Simu zilikuwa kimya, hakuna aliyenong'ona, na bakwe walikosa cha kudaka. Nilijisikia bingwa.

Kisha msemaji wao akakaza sauti: "Arusi iko mwezi ujao. Hatuwezi kungoja." Baba mdogo akainama juu ya simu yake, akatuandikia. Nikarudisha herufi nyuma kichwani. Alikuwa akisema wakikaza zaidi, tulegeze. Binti aolewe, masomo yatafuata. Yatafuata wapi? Nilikasirika, chupa ya sucré bado mkononi. Nikageuka kumtafuta shangazi mkubwa anisaidie kumzuia.

Nikamkuta bega kwa bega na shangazi wa yule kijana wao, simu moja katikati yao, wote wawili wanahesabu kwa vidole. Nikamvuta kando.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Ameniuliza hii iko lugha gani. Nimunyime? Mugeni njoo mwenyeji apone! Nimemufundisha."

"Na ufunguo umempa?"

"Bila ufunguo angesoma namna gani, weye mwalimu?"

Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Yule mama alishajua kwamba tutalegeza. Kilichobaki ni kumnong'oneza msemaji wao neno moja, na mwaka wa mdogo wangu umepotea hivihivi.

Hapo simu zikawaka tena. Ujumbe ulitoka chumbani. Mdogo wangu nilimwingiza kwenye kundi letu ili asikae gizani, na alikuwa amesoma kila kitu: VLWDNL. QLDFKHQL QLPDOLCH.

Baba mdogo aliutazama, akalaza simu kifudifudi pajani, akajifanya anakohoa. Lakini shangazi wa kijana, aliyebaki na simu ya shangazi yangu, alikuwa ameanza kuhesabu, na aliyejifunza kusoma leo hasomi kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya kioo: "Si... ta... ki. Ni-a-che-ni... ni-ma-li-ze."

Wanaume wote wakageuka kuangalia mikeka.

"Nani anasema hivyo?" msemaji wao akauliza.

"Mukwe wetu. Iko mu chumba." Akaiweka simu juu ya mkeka. "Miye, siku yangu ya kuolewa, hakuna muntu aliniuliza. Huyu amesema, na nimemusikia. Kule kwetu, mama akishikwa na uchungu tunamushusha mulima kwa machela, na wengine hawafiki. Mungu anatupatia infirmière, muuguzi wetu wenyewe, na munamukatisha masomo? Tutangoja huo mwaka."

Msemaji wao akageuka kwenye kiti. Akamwangalia yule mama, dada yake. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi," akasema baba mdogo, akinyoosha kola, "na sisi tulikuwa tunasema hivyohivyo."

Mwongo mkubwa! Nilikuwa bado natafuta pa kuweka chupa nipige makofi, vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia, virefu, vya mtu mmoja tu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.