Nilivyoifungua Mota Nzima

Mwaka jana niliunguza mota ya kinu cha mahindi cha Mama Nekesa, hapa Busia upande wa Uganda. Ufundi sikufundishwa na mtu, kwa hiyo tangu siku ile nasoma vitabu vya umeme kila jioni. Juzi kinu kilianza kunguruma vibaya, akaniita.

"Fundi, hii ndiyo nafasi yako ya mwisho," akasema, akaingia ndani kupika.

Nilibadilisha beringi, nikaifunga mota, nikawasha. Kimya. Sikubabaika. Je, umeme upo? Kinyozi wa ng'ambo ya mtaro alikuwa na taa inayowaka na redio inayoimba, basi upo. Testa yangu haikuonyesha kitu, nikaamua kuwa testa ni mbovu. Nikaifungua mota upya, kipande kwa kipande, mbele ya wanawake waliongoja unga.

Mama Nekesa akatoka jikoni. "Fundi, mbona unafungua tena? Umeme umekatika tangu saa nne."

Nikamwonyesha taa ya kinyozi.

"Wewe fundi! Hiyo taa iko Kenya!"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikaokota bisibisi, nikaanza kuifunga mara ya pili.