Basketi ya Jumamosi kwa Fundi

Wiki iliyopita televisheni ilituaga. Kijana mmoja mwenye tai alitutazama akitabasamu, akasema kuanzia sasa michezo ya vyuo vikuu haitaonyeshwa tena pale. Anayeitaka anunue abonema kila mwezi, aitazame kwenye simu. Binti yangu, ambaye anasoma hukohuko chuoni, alikuwa amekwisha kulipa kabla sijamaliza kumeza tonge la bukari. Akanisogezea simu mpaka puani.

"Mama, angalia. Iko direct, banacheza sasa hivi."

"Nani alikuambia iko direct?"

"Imeandikwa pale, mama. Kuko na alama nyekundu."

Imeandikwa! Wewe unanijua, rafiki yangu. Mimi nikinunua gunia la makala, mkaa wa kupikia, nalimwaga lote chini mbele ya muuzaji, nione kama hakuweka mawe katikati. Dawa nainusa, noti naiangalia juani, na mchungaji akisema tusimame tuombe nabaki na jicho moja wazi. Nyumbani wamezoea kunicheka. Siku ile binti yangu alicheka mpaka akapaliwa, na mimi nikamwacha acheke, kwa sababu sijawahi kumwambia nilikojifunzia mashaka haya. Wacha nikuambie wewe kwanza.

Nilikulia Kampemba, hapa Lubumbashi, kwenye nyumba ya matofali mekundu yenye barza ndogo. Mama yangu ni mtu wa hapahapa. Wazee wake walikuwa karibu na migodi kabla kampuni haijachimba shimo la kwanza. Baba yangu alizaliwa hapahapa pia, lakini babu yake alitoka Kasai, mkoa wa mbali, na kwa muda mrefu jambo hilo halikuwa na maana yoyote kwetu zaidi ya baba kupenda matamba, majani ya muhogo, yaliyotiwa mafuta mengi. Mama alikuwa mshonaji. Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha, na mimi nilisinzia na kuamka kwa mlio wake tangu nikiwa mgongoni.

Kila Jumamosi mchana mlio ule ulinyamaza. Kituo cha televisheni cha mkoa kilikuwa kinaonyesha basketi ya wanafunzi wa chuo kikuu, bure kabisa, na televisheni pekee ya mtaa wetu ilikuwa yetu. Watu walianza kuingia mapema. Mwalimu wangu wa shule alikuja na kiti chake kichwani, maana alisema viti vya kwetu vinamuuma. Tulichemsha karanga kwenye sufuria kubwa, munkoyo ukapita kwa kikombe kimoja cha plastiki, na nyumba nzima ilinuka maganda na jasho. Nawe ungeona uso wa mama! Yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa anacheza. Jezi namba saba. Mama hakujua sheria hata moja ya basketi. Kila aliyemkaribia yaya alikuwa mwizi kwake. "Umuache mutoto yangu!" alikuwa anapiga kelele, na watu wote wakacheka, na yeye hakujali.

Yaya alivaa viatu vyeupe vya shingo ndefu, alivyonunua mitumbani. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikatika, basi mama akamkatia kipande cha kitenge chake cha kijani, akakipinda, akakishona kikawa kamba. Kwenye televisheni tulikuwa tunamtambua yaya kwa kamba ile kabla ya kumwona uso.

Halafu mambo yakaharibika, na unajua yalivyoharibika. Mshahara wa baba kule migodini ulianza kuchelewa, kisha ukaacha kuja. Maduka yalivunjwa na watu tuliokuwa tunawasalimia. Jumamosi moja tuliwasha televisheni, tukaona mchanga mtupu unachemka. Tulikaa na karanga zetu mpaka zikapoa, tukidhani watarudi. Hawakurudi. Baada ya wiki kadhaa televisheni yenyewe ikapelekwa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, ikarudi unga.

Kisha redio ikaanza kusema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Baba hakuwahi kufika huko hata siku moja. Lakini watu walioketi kwenye mikeka yetu Jumamosi wakaanza kuvuka barabara wakituona, na asubuhi moja tukakuta dirisha limepigwa mawe. Baba akaamua. Yeye na yaya waende gare, kituo cha reli, wakasubiri treni ya Kasai, kwa sababu wanaume ndio waliokuwa wanapigwa. Mama na mimi tubaki, maana mama ni mtoto wa hapa, hawatamgusa. Baba atatuita akipata mahali.

Walikaa gare majuma mengi, chini ya mashuka na plastiki, pamoja na maelfu ya watu. Tulikuwa tunawapelekea chakula. Siku treni ilipokuja yaya alinipa mfuko wa unga uliofungwa vizuri, ndani mna viatu vyake. "Unitunzie," akasema. "Huku bataniiba hata meno." Nikaviweka chini ya kitanda changu. Treni ikaondoka, na watu wengine wamekaa juu ya mabehewa.

Sasa ndipo anaingia fundi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa shaba. Zamani alifanya kazi kwenye kile kituo cha televisheni. Akatangaza mtaani kwamba kituo kimekufa lakini basketi haijafa: kuna wenzake wanaoipiga picha kulekule chuoni, na yeye ana antena ya kuipokea. Direct. Ila kwake tu, na mlangoni unatoa kikombe cha unga au makala kidogo.

Miye sikumpenda tangu mwanzo, nakuambia ukweli. Antena yake ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Waya mwingine ulitoka nyuma ya televisheni, ukapita kwenye tundu la ukuta, ukaingia chumba cha nyuma, na chumba kile kilifungwa kwa kufuli mchana kweupe. Nilimwuliza kwa nini anafunga. Akanijibu kwamba umeme una hatari kwa watoto. Watu wazima wakanikodolea macho.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda, mama na mimi, na kikombe chetu cha unga. Picha ilitetemeka, ikatulia. Wavulana wakaingia uwanjani wakikimbia. Mama akasimama.

"Ule njo mutoto yangu!"

Alikuwa yaya kweli. Namba saba, miguu mirefu, anafuta jasho kwa bega kama alivyozoea. Mama alilia, akacheka, akamkumbatia mwanamke wa pembeni ambaye alikuwa ameacha kumsalimia. Nami nililia. Yaya amerudi! Ameruka treni, amerudi mjini, yuko chuoni, anacheza! Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya kuzaa.

Tulirudi nyumbani mbiombio. Mama akawasha mbabula apike. Mimi nikaingiza mkono chini ya kitanda, sijui kwa nini. Mfuko ulikuwepo. Nikaufungua. Viatu vilikuwemo, na kamba ya kitenge cha kijani ilikuwemo, kavu, na fundo aliloliacha yaya mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimeiona kamba ileile saa moja iliyopita, inaruka uwanjani. Nikakaa chini sakafuni.

Kesho yake mama aliamka alfajiri, akapika bukari na vinkubala, viwavi vikavu ambavyo yaya alivipenda, akafunga sahani kwa kitambaa, akatembea mpaka chuoni. Alirudi jioni na sahani imejaa. Mlinzi wa lango alimwambia kwamba hakuna anayecheza tena pale, majani yameota uwanjani. Unafikiri mama aliamini? "Banamuficha," akasema. "Yule mulinzi anaogopa bantu bajue iko pale." Juma lililofuata akaenda tena. Akamshuku mlinzi, akamshuku mwalimu wangu kwamba anajua na hasemi, akamshuku hata mchungaji. Wote walikuwa waongo kwake, ila televisheni ya fundi hakuishuku hata kidogo. Alikuwa amemwona mwanawe kwa macho yake.

Nilimwonyesha viatu. Nilivileta jikoni nikaviweka mbele yake. Akavitazama, akaendelea kupepeta unga.

"Alinunua vingine."

"Na kamba, mama? Kitenge chako?"

"Wanawake wangapi bako na kitenge kile Lubumbashi hii? Weye ungali mutoto. Vitoshe hapa."

Labda ningeacha, rafiki yangu. Lakini akatokea askari mmoja, shavu limevimba kwa pombe, akamwambia mama kwamba yeye anamjua kijana wa jezi namba saba, amefichwa, na anaweza kumtoa na kumleta mpaka mlangoni. Alichotaka ni cherehani. Mama akakubali. Wakapatana aje Jumapili. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inatulisha baada ya mshahara wa baba kufa. Ingeondoka, kesho yake tungeshika njia kuomba. Na mama alikuwa anaipaka mafuta ili yule mlevi aikute nzuri.

Jumamosi nikaenda kwa fundi na mfuko chini ya gauni. Chumba kilijaa. Mwalimu alikuwepo na kiti chake. Yaya akaingia uwanjani, mama akapiga makofi, na mimi nikapita katikati ya watu mpaka mbele. Nikatoa kiatu cha kushoto, nikakiinua pembeni ya kioo.

"Ni kaseti!" nikapiga kelele. "Yaya hayuko hapa! Viatu vyake viko kwetu! Muangalie kamba!"

Watu wakaangalia kioo, wakaangalia mkono wangu. Halafu mwalimu akasimama taratibu. "Namba ine," akasema, "alikuwa mwanafunzi yangu. Nilimusindikiza gare miye mwenyewe." Mwanamke mmoja akaonyesha kidole watu waliokuwa wanashangilia kando ya uwanja: yule shemeji yake, alikwenda na treni ya kwanza. Mwingine akamwona jirani. Mwingine akamwona mtu aliyekwisha kuzikwa. Kumbe nusu ya waliokuwa kwenye kioo kile hawakuwa mjini tena, na sisi sote tulikuwa tunakaa tunawatazama bila kusema.

Hasira waliyokuwa nayo watu siku zile ilikuwa inatafuta mlango tu. Walivunja kufuli. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine moja na sanduku la kaseti ambazo fundi alizitoa kituoni siku kilipovunjwa. "Muliomba basketi, nilibapa basketi!" alilia fundi, damu inamtoka juu ya jicho. Wakazitupa nje uani, wakazikanyaga, watoto wakavuta zile kanda nyeusi wakakimbia nazo. Mimi nilisimama na kiatu mkononi. Nilikuwa na kiburi, usinihukumu. Mtoto wa miaka kumi na moja, na mtu mzima mwongo amekamatwa kwa sababu yangu.

Mama alitoka mwisho. Akapiga magoti uani, akaanza kuokota kanda zile, akizifuta vumbi kwa kitenge chake. Akamwita fundi, akamwuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Papa, mutoto yangu iko kwenye gani?"

Fundi akatikisa kichwa. "Mama, kwa macho haijulikane."

Basi akaziokota zote. Akazibeba nyumbani kwenye beseni la kufulia.

Jumapili askari alikuja, mama akamfungia mlango. Cherehani ikabaki, na kwa cherehani ile nilikula, nikasoma, nikafika hapa ninapozungumza nawe. Kwa hiyo nilikuwa na haki. Jambo hili nimelipindua kila upande, na kila upande nilikuwa na haki. Fundi alihama mtaa ule, sijui alikwenda wapi. Majirani walianza kutusalimia tena baada ya miaka, wakijifanya hawakuacha. Lakini hakuna aliyeleta tena kiti chake kwa mwingine Jumamosi. Kila nyumba ikanunua televisheni yake na kufunga mlango wake, na sasa kila mtoto ana kioo chake mfukoni na masikio yameziba. Nikicheka peke yangu mbele ya mchezo, hakuna wa kuniuliza ninacheka nini.

Habari za yaya zilifika mvua zilipokwisha. Baba alituma barua kwa mkono wa dereva wa lori. Homa ilimshika yaya njiani, ndani ya behewa, wakamzika kando ya reli mahali ambapo baba hakujua jina lake. Tulihesabu siku, mama na mimi. Jumamosi ya kwanza tulipomwona kwa fundi, alikuwa amekwisha kuwa ardhini.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye cherehani bila kushona, mguu juu ya pedali. Nilisimama karibu yake nikisubiri aniguse. Hakuwahi kunigombeza kwa ile siku, kabla wala baadaye, na alipokufa hakuwa ameitaja tena. Ila jioni ile, barua ikiwa mapajani mwake, aliniambia neno moja bila kugeuka.

"Ungeniachia Jumamosi mbili tatu tena tu."