Siku Tuliyomwona Shangazi Kwenye Televisheni

Juzi nilirudi Muyinga, mji niliokulia, kumzika jirani yetu wa zamani, mke wa fundi viatu, mwenye televisheni ya pekee mtaani. Ukiniuliza miaka ya vita nilikuwa wapi, ndugu yangu, nitakuambia: kwenye mkeka wake, kati ya magoti ya wanawake.

Walikuja baada ya alasiri, kofia za kudarizi mapajani, nyumba ikinuka tangawizi na maandazi. Walipenda filamu za Kihindi. Lakini akitokea mwanamke wa nchi ya mbali aliyejifunga mtandio, sindano zote zilisimama. "Ona, kama sisi!" Kwenye habari za nchi yetu hatukujiona kamwe. Hata majirani wasio Waislamu walituita Waswahili, kana kwamba tulikuja jana.

Shangazi yangu aliolewa Gitega, mtaa wa Yoba. Mapigano yalipofika huko, yeye na binti yake, rika langu, wakapotea. Miezi mitatu bila habari. Bibi yangu, mama yake, hakulia. Alidarizi tu.

Siku moja televisheni ikaonyesha kambi ya waliokimbia. Mbele ya hema alisimama shangazi, peke yake, nywele wazi, akiitazama kamera kama mtu anayetazama ukuta.

"Ule si wenu?" mke wa fundi viatu akauliza. "Mbona iko kichwa wazi?"

"Labda ameacha dini," mwingine akanong'ona.

Bibi akakata uzi kwa meno. "Mtoto wangu iko hai. We unaangalia nywele?"

Mimi sikuhisi kitu. Nilimaliza andazi langu.

Baba alimfuata kwa lori la kahawa. Shangazi alipofika, bibi alimfunika kitenge, hakumuuliza lolote. Siku ya pili, akichambua maharage, shangazi akasema mwenyewe: "Mtandio nilimzika nao mtoto. Sanda ilikosekana." Akaendelea kuchambua. Mke wa fundi viatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifungua mtandio wake mwenyewe, akauweka mapajani mwa shangazi, akarudi kwake kichwa wazi, mchana kweupe.

Siku hizi kila nyumba ina dishi lake, na waliojifunga mitandio wamejaa kwenye chaneli. Hakuna anayemwita mwenzake aje kuona. Shangazi amezeeka, televisheni ikiwashwa, hutoka kwenda uani. Nami yule binamu sijamlilia hadi leo. Tulilala kitanda kimoja likizo nzima, na uso wake siukumbuki.