Ndiga na Mama Mkwe

Mke wangu alikaa kwenye keria, miguu upande mmoja, kikapu mapajani, na kila tulipopita shimo alinipiga ngumi ya mgongo.

"Wewe unabeba mtu ama unabeba mahindi?"

Mimi nilijifanya sisikii. Baisikeli ile nyeusi niliinunua nikiwa mwalimu mpya, na nilikuwa naipiga kitambaa kila jioni mpaka majirani wa Kaloleni, kule Kisumu, wakasema nimeoa wake wawili. Hakuna aliyethubutu kuikosoa mbele yangu isipokuwa yeye.

Tulikuwa tumeshuka melini Homa Bay, tukashika njia ya bonde la Lambwe. Ilikuwa likizo ya Agosti, miaka michache baada ya Uhuru. Mke wangu hakuwa amemwona mama yake tangu tuoane, na hilo lilikuwa linammaliza kidogo kidogo. Alikuwa akipika, mara anasimama na mwiko mkononi, anatazama upande wa ziwa. Nikimuuliza kuna nini, anasema chumvi imezidi. Chumvi haikuzidi hata siku moja.

Kisa kilikuwa ng'ombe. Baba yake alikuwa amefariki, na baba zake wadogo ndio waliosimamia mambo ya mahari. Walisema sawasawa na mila yao: mkwe haingii katika dala, yaani boma la ukweni, kabla ng'ombe hawajatangulia. Na binti aliyeolewa na mtu asiyeweza kuingia, anarudi kwao kufanya nini? Mimi nilijitahidi. Wazee wangu Waislamu walinung'unika kwamba kwetu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, si ya wajomba wala baba wadogo, lakini walichanga. Ng'ombe wakanunuliwa, wakaswagwa kupitia bonde hilohilo, mto ukafurika, wakalazimika kungoja. Mbung'o wakawapata. Hakuna hata mmoja aliyefika. Wale wazee wa ukweni wakasema, kwa upole wa kweli, kwamba ng'ombe aliyekufa njiani hajaingia boma la mtu. Nilikasirika wiki nzima, halafu nikaona mimi mwenyewe ningesema vivyo hivyo. Mkono mtupu haulambwi.

Mama mkwe ndiye aliyepata njia. Alimtuma mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki amwambie binti yake maneno haya: vibanda vya msitu juu ya milima ya Gwassi ni vya serikali, na nyumba ya serikali si dala ya mtu.

Kwa hiyo tukawa tunaendesha baisikeli kwenda kukutana na mama mkwe mlimani.

Penye kizuizi cha bondeni, mzee mwenye wavu alitusimamisha akague kama tumebeba mbung'o. Akapekua chini ya tandiko, akapuliza ndani ya kikapu, akapiga kengele yangu mara mbili bila sababu yoyote ninayoijua. "Pita, Bwana," akasema. "Lakini usipumzike chini ya miti." Bonde lilikuwa kimya. Watu walikuwa wamelikimbia kwa ajili ya malale, na vichaka vimerudi kufunika yaliyokuwa mashamba yao. Swala walitutazama bila kuacha kula. Mke wangu aliacha kunipiga ngumi, akanishika kiuno, na tukaenda mwendo mrefu hivyo, mnyororo tu ukilia.

Njia ilipoanza kupanda tulishuka, yeye akishika tandiko akisukuma, mimi nikivuta usukani. Jioni tulifika kibanda cha kwanza: kuta za udongo, mabati, mafiga matatu, na kuni zilizopangwa ukutani. Walinzi wa msitu walikiacha wazi kwa wapitao, na sharti lilikuwa moja, uache kuni kama ulivyozikuta. Tulipika uji. Tulikaa mlangoni tukitazama bonde likiingia kivuli, yeye ameegemeza kichwa begani mwangu, akaniuliza kama naogopa.

"Mimi niogope mama wa mtu?"

"Kesho usimpe mkono," akasema. "Usimsogelee. Kwetu mama mkwe na mkwe hawashikani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Ni heshima, unasikia?"

Nikasema nasikia. Nilikuwa nasikia kama mtu anayejua kila kitu.

Kesho yake tulifika kibanda cha juu, palipo na ukungu na miti mikubwa, na mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amepanda kutoka upande wa pili kwa miguu, mwanamke mfupi, mkavu, kuku mwekundu kwapani. Binti alimkimbilia. Walikumbatiana, kuku akapiga kelele katikati yao, wote wawili wakalia na kucheka. Na mimi, kwa furaha ya kuwaona hivyo, nikasahau kila nililoambiwa. Kaloleni ukimwona mkwe wako unainama, unaushika mkono wake, unaubusu. Nikaweka baisikeli kando, nikaenda mbio, nikainama. "Shikamoo mama." Na mkono nimenyoosha.

Mama aliruka nyuma ya binti yake kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaweka mikono yote mgongoni, akageuza uso.

Mkono wangu ukabaki hewani. Nilijua kosa ni langu, lakini moyo hausikii hoja. Nimesukuma chuma mlima mzima, nikajisemea, na mama huyu hawezi hata kunitazama. Nikarudi kwenye baisikeli nikaanza kuipangusa, na haikuwa na vumbi, ilikuwa na umande tu.

Kisha mvua ikaja, mvua ya mlimani isiyopiga hodi. Kibanda kilikuwa na chumba kimoja. Mke wangu alinitazama, nikamwelewa kabla hajasema. Nje kulikuwa na kipenu cha kupikia, nyasi juu na ukuta mmoja wa matete unaopakana na chumba. Nikajibanza humo na baisikeli. Wao wakaingia ndani, na kupitia matete nilisikia Kijaluo chao kikienda kasi, maneno ya miaka yote ile. Nilishika hili na lile tu. Baridi ilikuwa inaingia mifupani na nilikuwa natunga hotuba kali ya kumpa mke wangu tukirudi Kisumu.

Ndipo sauti ya mama ikaja upande wangu, pole pole, kwa Kiswahili cha sokoni.

"Ndiga."

Ndiga ni baisikeli, Waluo ndivyo wanavyoiita.

"Ndiga, mlima imekuchokesha?"

Nikasikia mke wangu amebana kicheko. Nikatazama baisikeli. Haikujibu.

"Anaongea na nani?" nikauliza.

"Anaongea na baisikeli yako," mke wangu akasema. "Hukatazwi kuisaidia kujibu. Na wewe fikiri kidogo, mwalimu. Mama akiongea na mimi anahitaji Kiswahili cha nini?"

Hasira yangu yote ikaniishia. Mama huyu alikuwa anaokota maneno ya lugha asiyoijua vizuri, moja moja, ili niyasikie mimi.

"Imenichokesha, mama," nikasema. "Lakini nimefika."

"Ber, vizuri. Ndiga, hii mtu yako anakunywa pombe?"

"Hapana mama. Dini yake haimruhusu, na mkewe pia."

"Anapiga mtoto yangu?"

"Hapana, mama. Yeye ndiye anayepigwa, tena mgongoni."

Ndani wakacheka, na mama alicheka mpaka akakohoa. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiga. Mimi ninabaki peke yangu huku. Wewe ndio ulimbeba akaenda. Akisema anataka mama yake, utarudisha yeye?"

Nilishindwa kujibu kwa mzaha. Nikashika usukani kama mtu anayeapa.

"Nitamrudisha, mama. Kila likizo."

Yule kuku alipikwa humo humo ndani. Mke wangu akaniletea bakuli, na juu kabisa pamewekwa firigisi, ile sehemu ya mwenye nyumba. Mke wangu akasema mama ameshalitafakari jambo la mkwe kula cha ukweni kabla ya ng'ombe: kuku alinunuliwa njiani, hakutoka boma lake, kuni ni za serikali, chumvi imetoka Kisumu. Basi hakuna chakula cha ukweni hapo. Nilikula nikicheka na kufuta pua. Asubuhi tulipokata kuni za kulipa, mama alibeba mzigo mkubwa kuliko wangu, akaupitisha mbele yangu macho yakiwa pembeni.

Ahadi ile niliitimiza. Kila likizo meli, bonde, mzee wa wavu na kengele yake, vibanda viwili. Kila likizo kipenu na maswali. Ndiga, mtoto ameota meno? Ndiga, kwa nini umekonda? Yeye na mimi hatukuwahi kutazamana usoni.

Ilichukua muda ng'ombe wengine kupatikana. Safari hii sikuwapitisha bondeni. Niliwapakia mashua kubwa Homa Bay, tukaambaa na ufuko wa ziwa mpaka upande wa kwao. Mke wangu alisema, "Chukua baisikeli." Nikamwambia siku ya ng'ombe ni siku ya suti. "Mama ataiuliza," akasema. Nikamwambia mama atakuwa na ng'ombe wa kutazama.

Wazee walitupokea vizuri. Ng'ombe wakaingia kwanza, mimi nikafuata kwa viatu vinavyobana, nikakalishwa mahali pa mkwe. Vigelegele vikapigwa. Mama alitoka nyumba ya jikoni amevaa leso mpya, akasimama mbali, penye fensi, kama mila inavyotaka. Sikumtazama moja kwa moja, lakini nilimwona. Hakuwa anatazama ng'ombe. Macho yake yalipita kwenye lango, kwenye mti, kwenye ukuta wa ghala, yanatafuta. Siku niliyoruhusiwa kuingia kwake ndiyo siku niliyomnyima njia ya kunisemesha, na nilihisi uchungu ambao hata ng'ombe wale wa kwanza hawakunipa.

Mwishowe akamgeukia binti yake, na hakusema kwa Kijaluo.

"Ndiga iko wapi?"

Wazee wakatazamana, hawakuelewa. Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Niko hapa, mama," nikasema.

Akafunika mdomo kwa pembe ya leso. Kisha akasema, akitazama lango, "Karibu nyumbani, ndiga."