Kamba Yao, Ndoo Yetu

Wifi yangu Sabha alipoletwa kwetu bibi harusi, hakuwa na lugha. Sisemi hivyo kumtukana. Alitoka kwa watu wa kaskazini, ambako viziwi walikuwa yeye na mjomba wake tu, na jamaa zake walimwashiria "kula", "njoo", "fagia", basi. Akaja Wadi Siwan, ambako kila ukoo una viziwi wake na sote tunasema kwa mikono tangu utotoni. Hata wazee wasio na kiziwi nyumbani wanajua kugombana kwa vidole.

Siku za mwanzo alikaa akitutazama tu. Mwanamke mzima, anaona wanaume wanataniana na wanawake wanasengenyana kwa mikono, na wote wanaelewana. Mama yangu, Hamda, alimfundisha kama anavyofundishwa mtoto: huu mkate, huyu ngamia, huyu mumeo mvivu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mmbeya kunishinda, na mimi si haba.

Mumewe ni kaka yangu Freij, mchomelea vyuma, kiziwi wa kuzaliwa. Kiziwi kaoa kiziwi, kwa hiyo mtoto wao Atwa alipozaliwa hakuna aliyeuliza kama anasikia. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tukasema, tukamsemesha kwa mikono tangu siku ya kwanza. Hata mimi, ambaye mama anasema nilizaliwa nikilalamika, nilikuwa nikiingia nyumba ile naufunga mdomo.

Atwa alikuwa keshaanza kusimama dede siku nilipomkamua mbuzi wao mmoja mwenye roho mbaya, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. Akapiga bakuli teke, maziwa yote chini. Nikamwambia, "Mshenzi we, laana ya mama yako na ndevu zake." Ndani mtoto akacheka. Nikanyamaza, na kicheko kikakoma. Nikamtukana mbuzi tena, safari hii na baba yake, kicheko kikarudi.

Nilichungulia. Atwa alikuwa peke yake mkekani, amenipa mgongo, anageuza kichwa huku na huku kunitafuta. Viziwi wetu huhisi kishindo cha mguu sakafuni, hilo tunalijua. Lakini matusi hayatikisi sakafu.

Sabha akaingia na mkate. Nikamwambia kwa mikono, "Mwanao anasikia."

Akaweka mkate chini polepole. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ananyonya. Mtu akiita nje, anaacha ziwa."

"Na wewe umekaa kimya?"

"Nimekaa kimya maisha yangu yote," akajibu, wala hakutabasamu.

Nikamwambia kwamba mtoto wa umri ule angekuwa ameshasema "baba", na kwamba asiposemeshwa ulimi utamlalia. Akanishika mikono ninyamaze, kisha akaiachia.

"Ndugu zangu wanasikia," alisema. "Tumekula sinia moja tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunieleza wanacheka nini. Mkimpa midomo yenu, atanitoka. Atakuwa wenu. Usiseme, wifi."

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Lakini hilo si jambo la kuficha. Jioni nilimwambia Freij, naye akanicheka.

"Mimi kiziwi, mke wangu kiziwi. Masikio kayatoa wapi, sokoni?" Kisha uso ukambadilika, nikajua anawaza nini. Nikamzaba kofi la bega.

"Usithubutu," nikamwambia. "Pua ile ni yako, maskini mtoto."

Tukaenda zahanati, kwa daktari mmoja mwanamke wa mjini ambaye kwa miaka amekuwa akituchukua damu ili ajue uziwi wetu unatoka wapi. Alimpima Atwa. Masikio mazima, yote mawili. Kisha akaanza kueleza kwa mdomo, nami nikawageuzia Freij na Sabha kwa mikono.

"Kila mtu hupokea maagizo ya mwili wake mara mbili," alisema. "Mara moja kwa baba, mara moja kwa mama. Agizo moja likiharibika, mwili unatumia lile zima. Wazazi wenu kila mmoja alikuwa nalo bovu moja na zima moja, ndiyo maana walisikia. Freij akaangukiwa na mabovu yote mawili."

Hapo nikakwama, maana hatuna ishara ya maagizo ya mwili. Freij akaninyamazisha, akafunga ngumi mbili akavuta hewa. Kisima.

"Kamba mbili," alisema. "Moja kanipa baba, moja mama. Ikikatika moja unateka kwa nyingine. Mimi zimekatika zote. Ndiyo?"

Daktari akasema ndiyo. Ila damu ya Sabha, akasema, inaonyesha kamba zote nzima. Kwao kilichoharibika ni kitu kingine kabisa. Nilipolifikisha hilo, Freij akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, mikono yake ikaenda taratibu kuliko nilivyowahi kuiona.

"Kwao zimetoboka ndoo," alisema. "Huyu kachukua kamba yao na ndoo yetu."

Daktari hakusubiri nitafsiri. Alivuta kamba hewani, akanywa.

Akatuonya pia kwamba Atwa amebeba ndani yake kamba moja iliyokatika na ndoo moja iliyotoboka, zimejificha, na zinaweza kuibukia kwa wajukuu, kutegemea atamwoa nani. Njiani sikusema neno, na Freij aliuhesabu huo kuwa muujiza wa pili. Nilikuwa naogopa, ile hofu ya mtu aliyeonyeshwa kazi ya Mungu kwa karibu mno. Watu wawili, kila mmoja amebeba kitu kizima ambacho hakikumfaa yeye mwenyewe, wakampa mtoto bila kujua. Na mimi ninayesikia huenda nimebeba kamba iliyokatika ya babu wa babu yangu, naipeleka mbele nisikokujua.

Mama hakuwa na habari na kamba. "Mtoto alale kwangu," alisema. "Atajifunza nini kwenye nyumba ya mabubu?" Sabha akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akasema, "Mkimchukua narudi kwetu." Tulivutana hadi tukakubaliana: mchana kwetu, usiku kwa mama yake. Kila asubuhi alimleta, kisha akabaki amesimama penye ua akitazama midomo yetu.

Neno la kwanza la Atwa lilikuwa "laana", na mama alininunia. Baada ya hapo maneno yalimwagika. Siku moja Sabha alikuwa katikati ya kumsimulia jambo, mtoto akageuka kufuata sauti ya Freij akigonga chuma. Kwa anayesikiliza kwa macho, huko ni kumfungia mtu mlango usoni. Sabha alibaki na mikono juu. "Ameanza kunitoka," aliniambia.

Majira ya baridi, mama alikuwa mlangoni pake akikanda unga, akapaza sauti kuelekea nyumba ya pili, "Sabha, niletee samli!"

Nikamcheka. "Mama, unamwita nani?"

"Nimesahau," alisema. "Nenda we basi, unakodoa macho nini?"

Sabha ni mwanamke ambaye maisha yake yote ameitwa kwa kuguswa bega, au kwa kurushiwa kokoto miguuni. Nilikuwa bado nainuka Sabha alipotoka kwake na bakuli la samli, Atwa anamtangulia mbio. Alivuka uwanja, akaliweka bakuli mbele ya mama, akasimama.

"Mmeniita," alisema. "Atwa kaniambia."

Mama akatoa mikono kwenye unga. "Nimekuita, mwanangu," akamjibu.